Mashine Haiendi Lubumbashi

Kikula, Likasi
Jumapili, 21 Februari 1999

Mpendwa yaya Evariste, kaka yangu mkubwa,

Yambo sana. Nakusalimu kwa mkono wangu na kwa mikono ya wote wa nyumba hii. Habari za Liège? Baridi imelegea kidogo? Na ule mgongo uliokusumbua kabla ya Noeli, umepona? Shemeji Aimée na watoto, Merdi na Sephora, wanaamkaje? Mama anauliza kila juma kama Sephora ameota meno, nami kila juma namjibu kwamba Sephora anaenda shule. Anajua. Anapenda tu kuuliza.

Sisi hapa tu wazima, Mungu asifiwe. Goti linamuuma mama mvua ikikaribia, lakini mdomo wake haujaugua hata siku moja. Mvua ni nyingi mwaka huu, mihindi nyuma ya nyumba imenipita kimo. Bukari, ugali wetu, tutakula. Siku hizi hiyo si adabu ya kuanzia barua tu, ni habari kamili.

Barua yako aliyoileta Georges kutoka huko nimeipata. Niliisoma, nikaikunja, nikaenda kuchota maji, nikarudi nikaisoma tena ili hasira isikujibu badala yangu. Unasema kwamba kwa kuwa programu ya kurekodi uliyotuma imenishinda, basi kompyuta iende Lubumbashi kwa Ghislain, na atakuja mwenyewe kuichukua mwisho wa mwezi huu. Yaya, nakuheshimu. Mashine uliinunua kwa jasho lako na kuileta hapa ilikuwa kazi. Lakini nakuomba usome hadi chini kabla hujampigia Ghislain simu.

Sina ugomvi naye. Mtoto wa baba mudogo Édouard ni ndugu, na mikono yake kwenye kinanda ni mikono kweli. Alipokuja hapa baada ya mwaka mpya aliketi mbele ya mashine, akafungua programu yako, akaitazama ile mistari sitini na minne ya sauti iliyopangwa kwenye kioo kama ngazi, kisha akanigeukia.

"Yaya Alphonsine, hii ni trakta, na weye uko nalima lengalenga."

"Hiyo mboga ya lengalenga njo utakula leo muchana," nikamwambia. "Kula, unyamaze."

Tulicheka wote. Sikujua kwamba akifika kwake atakuandikia.

Tena alisema kweli, kwa upande wake. Ghislain anafanya kazi peke yake. Anapiga ngoma kwenye kinanda, anaiweka mstari wa kwanza. Anapiga besi, mstari wa pili. Gitaa, wa tatu. Kwa mtu kama huyo mistari sitini na minne ni shamba kubwa na mvua juu yake. Mimi sina kinanda. Mimi nina watu.

Na hapa niruhusu niseme jambo lililoniuma. Uliandika "michezo yako ya kaseti". Yaya, ulipoondoka uliniacha kwenye simu za kiwanda, nikiunganisha wakubwa na wakubwa wenzao. Simu zilipokufa na mshahara ukafa nyuma yake, hakuna aliyeuliza Alphonsine atakula nini. Nilichukua bisibisi yangu. Nilianza na redio mbili za kaseti, nikinakili nyimbo za harusi na za kilio. Nikatengeneza redio za watu. Nikanunua mikro moja ya kunasia sauti, kisha ya pili. Chumba alichokuwa akilala baba ndicho studio sasa, magodoro yamesimama ukutani na blanketi zimefunika dirisha. Hiyo michezo ndiyo dawa za mama, na ndiyo bati jipya juu ya kichwa chake.

Sasa nikupe habari ya kwaya, maana ndiyo sababu ya yote. Unamkumbuka mwalimu Godefroid wa kwaya ya parokia, yule mwenye kuimbisha akiwa amefumba macho? Amekuja kwangu anataka nyimbo kumi na mbili kwenye kaseti kabla ya Pasaka. Haraka yake si ya fahari. Wanaume wa besi wanakwenda mmoja mmoja kuchimba madini Shinkolobwe, na anayekwenda huko harudi mazoezini. Joëlle, sauti ya juu kabisa, ile inayowafanya watu wa viti vya nyuma wanyamaze, ataolewa baada ya Pasaka na kumfuata mume Kolwezi. Wamebaki kumi na tisa. Godefroid aliniambia: "Mama, tuwakamate mu kaseti mbele kwaya haijabakia jina tu." Nami nilimwahidi.

Kwa hiyo nilianza na programu yako, tena kwa kufuata maagizo yako neno kwa neno. Uliandika kwamba studio kubwa zinarekodi kila sauti peke yake, halafu zinaunganishwa. Vizuri. Lakini kadi ya sauti iliyomo ndani ya mashine hii ina mdomo na ina sikio, na haviwezi kufanya kazi pamoja. Ikiimba haisikii, ikisikia haiimbi. Kwa hiyo waimbaji wa pili hawawezi kuwasikiliza wa kwanza wakati wanaimba. Nikasema haidhuru, Godefroid atawapa mwendo kwa mkono wake na sauti ya kuanzia kwa mdomo wake. Soprano Jumanne, alto Jumatano, tenori na besi Alhamisi.

Akina mama wa alto walikuwa wa kwanza kulalamika. Mmoja alisimama mbele ya mikro, akaimba mistari miwili, akaacha.

"Miye peke yangu hivi, bila soprano, niko kama muntu mwenye iko nagombana na ukuta."

"Imba tu, mama. Ukuta utakujibu kesho."

Jumamosi nikaunganisha yote. Yaya, sijapata kusikia kitu kama kile. Wanawake walikuwa juu, wanaume chini, na katikati yao hakuna njia. Mama aliniita kutoka barazani: "Alphonsine! Nani amekufa?" Godefroid akasema besi walikuwa wamekunywa. Besi wakasema mwalimu amezeeka masikio. Ilibaki kidogo tu kwaya ivunjike siku ileile, bila kungoja Pasaka.

Nilikaa na mashine nikatafuta. Programu haikuwa imekosea, ilirekodi ilichopewa. Nikajiuliza: Godefroid anaipata wapi do yake, ile sauti ya kuanzia? Hapo nikasimama. Tangu mchwa walipokula kinanda cha parokia, Godefroid anachukua do kwenye umeme. Nyuma ya kanisa kuna transfoma, inanguruma usiku na mchana. Yeye anaegemeza kichwa, anasikiliza, anaguna, anawapa. Kila mtu anajua, hata watoto wa katekisimu wanamwigiza. Kwangu anachukua kwenye kile kisanduku cha kusawazisha umeme kilicho chini ya meza. Anainama kama anayefunga kamba ya kiatu, anaguna, kwaya inaanza.

Jumanne na Jumatano tulikuwa na umeme wa bwawa la Mwadingusha. Alhamisi wezi walikuwa wamekata waya wa shaba njia ya chini, nikawasha jenereta, na jenereta yangu imechoka. Nikachukua kipimo changu. Umeme wa Mwadingusha, mitetemo hamsini kwa sekunde. Jenereta, arobaini na sita. Piga hesabu wewe mwenyewe: do ilishuka nusu sauti moja na karibu nusu ya nyingine. Tenori na besi waliimba sawasawa kabisa ndani ya do waliyopewa. Hakuna aliyekuwa amelewa, isipokuwa mmoja, na huyo hata akiwa mzima haimbi vizuri.

Nilipowaeleza, wote walimgeukia Godefroid. Halafu Joëlle akaanza kucheka, na ikawa basi. Godefroid mwenyewe alicheka hadi akajifuta macho. "Aksanti," akasema, "masikio yangu ingali mazima. Ni mafuta ya jenereta ya Alphonsine njo ilikuwa na maji."

Baada ya hapo ndipo nilipochagua, na ningependa ujue nilichagua namna gani, usidhani nimekimbia tu kilicho kigumu.

Nilikuwa na programu tatu. Ya kwanza ni yako. Inataka kumbukumbu ya megabaiti sitini na nne, mashine ina kumi na sita, kwa hiyo inakwenda kama mtu anayepanda mlima na gunia la makaa. Inataka kadi yenye mdomo na sikio kwa pamoja. Na umeme ulipokatika katikati ya kazi, iliondoka na kazi yote ya siku. Ya pili niliipata kwa mfanyabiashara mmoja wa Lubumbashi, ya kunakiliwa. Hiyo ni ya kujaribia. Unaimba, unafurahi, ukiiambia ihifadhi inakuomba namba ya siri ambayo hakuna anayeijua. Niliitupa.

Ya tatu ilikuwa kwenye diski iliyokuja ndani ya boksi la kadi ya sauti yenyewe. Hakuna aliyewahi kuitazama, wala mimi. Ina mistari miwili tu, kushoto na kulia. Haina mapambo. Inaandika sauti moja kwa moja kwenye diski ngumu, dakika moja inakula megabaiti kumi. Nina mia nane zilizo wazi, yaani dakika themanini. Nyimbo kumi na mbili za Godefroid hazifiki dakika hamsini. Zinazobaki ni za makosa, na makosa tunayo. Inakata, inaunganisha, inahifadhi. Nahifadhi kila wimbo ukiisha, umeme ukiondoka napoteza wimbo mmoja, si siku.

Unaona ninachotaka kusema? Kwaya hii si ya kuimba kwa vipande. Inaimba pamoja au haiimbi. Basi wote wanaingia chumbani, mikro mbili zinaning'inia kwenye mpini wa fagio, besi mlangoni, alto kushoto, soprano mahali kabati la baba lilipokuwa, kama wanavyosimama kanisani. Godefroid anainama, anachukua do yake. Ikiwa ya Mwadingusha au ya jenereta, juu au chini, haidhuru, maana wote wamo ndani yake kwa wakati mmoja. Mistari miwili inatosha.

Godefroid alikuwa na shaka.

"Na kama mumoja anakosea?"

"Tunarudilia bote."

"Na kama anakosea tena?"

"Atajifunza, mwalimu. Zamani, mbele hii mashine haijafika, mulikuwa munafanya namna gani?"

Akafumba macho, akainua mkono.

Jana tulimaliza nyimbo tatu. Mama alijipa kazi ya ulinzi barazani. Nilimsikia hadi ndani ya mikro: "Weye wa makala, pita polepole! Kwiko bantu banaimba mu mashine!" Wimbo huo tulirudia kwa sababu yake, si kwa sababu ya mwenye makaa. Na mwishoni mwa wa tatu jogoo wa jirani aliitikia amina. Huyo nilimkata kwa ile programu ndogo, na ukisikiliza hutajua alikuwapo.

Kaseti ninayompa Georges, anayerudi kwenu, pamoja na barua hii ina pande mbili. Upande wa kwanza ni ule wa Jumamosi ya kwanza, sauti zilizounganishwa. Sikiliza na shemeji, mcheke. Upande wa pili ni nyimbo za jana. Hizo sikiliza ukiwa umekaa.

Kuhusu programu kubwa, nimeifunga vizuri na kile kifunguo chake kinachochomekwa nyuma ya mashine, na nitampa Ghislain mkononi. Ni yake kwa haki, kazi yake inaihitaji. Ukitaka kumsaidia, mtafutie mashine yenye kumbukumbu sitini na nne na kadi inayoimba na kusikia kwa pamoja. Usinunue chini ya hapo, itamtesa kama ilivyonitesa. Na kama atataka kurekodi hapa wakati anangoja, aje na kinanda chake. Nitampa bei ya ndugu. Bure sitampa, maana jenereta haijui undugu.

Ukisikiliza ukaona bado kuna kosa, niandikie kosa hilo, mkubwa wangu, nitalirekebisha na sitaudhika. Lakini mashine haiendi Lubumbashi. Nimeahidi watu kumi na tisa, na sauti zao hazitangoja. Ghislain akija mwisho wa mwezi atapokewa vizuri. Kutakuwa na bukari na samaki wa mto Lufira, na kitanda kitatandikwa. Ila akikuta kwaya iko chumbani, itabidi angoje nje ya mlango hadi wimbo uishe, kama kila mtu.

Mama Élisabeth anakusalimu, anasema uvae soksi mbili. Mwalimu Godefroid anakusalimu, na baba mudogo Édouard pia, tuliyeonana naye kwenye misa ya Majivu. Nisalimie Aimée kwa upendo, Merdi na Sephora uwabusu kwa ajili ya shangazi yao. Mungu alinde njia zenu kwenye barafu, awape kazi isiyokatika, na siku moja akurudishe uingie kwa mlango huu bila kubisha.

Mimi mdogo wako akupendaye hata siku unayonikasirikia,

Alphonsine