Meza ya Treni ya Baba

Shoga, bado natetemeka. Nimetoka duka la samani na baba sasa hivi.

Unajua tangu astaafu udereva wa treni amezama kwenye vitreni vyake vya kuchezea, na mama amechoka kuvikuta juu ya meza ya chakula. Leo tukaenda kumtafutia meza yake.

Mama muuzaji akauliza, "Ya watu wangapi?" Baba akamjibu, "Si ya watu. Ni ya treni."

Nikageuka kidogo tu kutazama viti. Kurudisha macho, baba kalala kifudifudi juu ya meza kubwa, mkono kaunyoosha, kimya. Muuzaji akapiga yowe kwamba mzee amezimia. Duka zima likatukimbilia. Mimi nikaanza kulia.

Baba akainua kichwa. "Hii pana mno. Treni ikipinduka katikati, sitaifikia."

Ndivyo alivyosema, shoga. Akiwa bado juu ya meza.

Tumechukua nyembamba, ya miguu ya kukunja. Muuzaji katusindikiza hadi nje huku akicheka, akauliza kama anaweza kuja kuiona treni ikitembea. Baba kamwambia aje Jumamosi saa nne, ila awahi, maana treni yake haimsubiri mtu.