Mbuzi wa Ng'ambo ya Mto

Jumatatu, 8 Septemba

Merti. Tuliondoka Isiolo baada ya swala ya alfajiri, mimi na Abdi dereva, masanduku ya barafu yamefungwa kamba nyuma ya gari. Vumbi njia nzima. Sijala chochote, chai tu.

Kesho tunaanza kuchanja mbuzi na kondoo. Dhidi ya sotoka ya mbuzi, ugonjwa unaoweza kumaliza kundi zima. Wenzetu wa Ethiopia na Somalia nao wanachanja msimu huu, ndivyo serikali zilivyokubaliana, na wafadhili wa Ulaya wamenunua dawa. Ukichanja upande mmoja peke yake ni kazi bure. Mifugo inatembea.

Nalala kwa Mjomba Guyo, kaka yake mama. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji hapa. Amezeeka ghafla tangu Jarso, mwanawe, auawe katika vita vya malisho na watu wa ng'ambo ya mto.

Jumatano, 10 Septemba

Mbuzi, mbuzi, mbuzi. Mgongo unauma.

Mchana Naisula alipiga simu. Ni afisa wa mifugo wa kaunti jirani. Tulifunzwa kazi hii pamoja kule Moyale, tukalala chumba kimoja. Yuko ng'ambo ya mto na wafugaji wake. Dawa yao imekwama, gari limeharibika njiani. Mbuzi wao kadhaa wanaharisha na kutokwa makamasi. Wanakunywa maji ya Ewaso Nyiro, mto uleule wetu. Anaomba wavuke, tuwachanjie wale ambao bado ni wazima. Dawa yake ikifika atarudisha.

Nikampigia bosi. "Amua wewe," akasema, "lakini wenyeji wakikataa usilazimishe."

Bosi hajanisaidia kitu. Wenyeji maana yake ni mjomba.

Alhamisi, 11 Septemba

Nilimwambia mjomba wakati wa chai ya asubuhi. Hakupandisha sauti.

"Jarso alifia upande huo, Halima. Sasa unataka niwakaribishe?"

Nikamweleza kwamba vitoto vya mbuzi wetu ni vidogo mno kuchanjwa. Ugonjwa ukivuka, vitakwisha vyote.

"Dawa ni yetu."

"Ni ya mto mzima, Mjomba."

Akainuka, akaenda zake. Chai akaiacha.

Nina hasira naye. Namhurumia pia. Jarso ndiye aliyenifundisha kuendesha pikipiki. Ukweli ni kwamba hata mimi sitaki kuwaona watu wale. Nikimwona mmoja wao nitajiuliza kama alikuwepo siku hiyo.

Habari imeenea. Vijana wa hapa wanasema atakayevuka atajuta. Naogopa. Nimemwambia Naisula asubiri.

Alasiri mjomba aliwaita vijana, wakaongea mbali na mimi. Kisha akaja nilipokuwa nikiosha sindano. Hakunitazama.

"Kesho Ijumaa. Nitaenda msikitini mapema, na hawa vijana nitaenda nao. Mtoni hakutakuwa na mtu."

Basi. Hakusema ndiyo. Nikampigia Naisula, nikamwambia wavuke kesho asubuhi.

Ijumaa, 12 Septemba

Walivuka asubuhi, maji magotini. Naisula mbele, wanawake na wazee nyuma, mbuzi wakilia. Abdi alikataa kuzima injini. Sindano ya kwanza nikaichoma vibaya. Hakuna aliyesalimia mtu. Baadaye tulizoea. Kazi ni kazi.

Swala ikaisha kabla hatujamaliza. Nilimwona mjomba akishuka kuja mtoni, peke yake, na kofia yake nyeupe. Naisula akanishika mkono.

Mama mmoja wa ng'ambo, mtoto mgongoni, alikuwa amezidiwa na beberu. Mjomba akapita kati ya watu, akamkamata yule beberu pembe, akambana kwa goti.

"Choma," akaniambia.

Nikachoma.

Akamleta mwingine. Na mwingine. Akashika mpaka wa mwisho, kanzu yote imejaa matope.

"Asante, mzee," yule mama akasema.

Mjomba alinawa mikono mtoni, kwa muda mrefu, akatangulia nyumbani.

Nililia ndani ya gari. Abdi akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

Jumatatu, 15 Septemba

Isiolo. Dawa ya Naisula ilifika Jumamosi, akaturudishia yetu kwa lori la Merti.

Leo kulikuwa na mkutano wa mtandaoni. Nairobi, Addis, wafadhili. Nikasema tumechanja kingo zote mbili. Mama mmoja wa Ulaya alifurahi, akasema huo ndio ushirikiano wanaoutaka, akaomba picha. Nikamwambia hakuna. Siku hiyo hakuna aliyetoa simu mfukoni.

Jioni nilipita kwa mama. Aliuliza kaka yake yuko vipi. Nikamwambia Ijumaa alikula vizuri, akalala mapema.

Akaniongezea chai.