Taranjit Akutana na Gemu Isiyochelewa

Mwelu, nimecheka hadi machozi 😂😂

Unajua vile Taranjit akichapwa kwa gemu ya mpira husema ni intaneti ya kwao Ngara imechelewa? Leo nimempeleka mtaa wa Adams, kwa ile duka ya gemu, acheze na rafiki yetu Carolyne. TV moja, hakuna net.

Amechapwa sita. SITA! Na Carolyne ndio anajifunza!

Shida amezoea kubonyeza mapema, maana net ya kwao huchelewa. Sasa hapa kipa wake anaruka kabla mpira upigwe. Kila saa!

Akapiga nduru: "Net imekwama!"

Mwenye duka: "Boss, hapa hakuna net."

Taranjit, kwa heshima kabisa: "Sasa hamwezi kuichelewesha hii gemu kidogo?"