Mstari wa Arobaini

Mabatini, Mwanza

Machibya mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mvua zimeanza, na sare za kwaya nimemaliza kushona.

Binti yangu Evelina amefukuzwa kazi. Programu yao iligoma, na ule mtambo wako uliowatengenezea wewe, unaogeuza maandishi yao kuwa lugha ya kompyuta, ukasema kosa liko mstari wa arobaini, aliouandika yeye. Bosi akamwambia, "Mashine haidanganyi, dada." Kumbe kosa lilikuwa mstari wa sitini, wa mtu mwingine! Mtambo wako unafuta kwanza mistari ya maelezo, ndipo unahesabu iliyobaki, kwa hiyo wa sitini ukaitwa wa arobaini. Na alipokupigia ukamjibu, "Najua, Eve, nitarekebisha baadaye."

Baadaye lini? Mimi wa darasa la saba naandika jina la mwenye nguo kwa chaki kwenye kila kipande kabla sijakigeuza. Wewe na digrii yako umeshindwa nini?

Nakwambia wewe tu: Jumapili sikupokea komunyo, kwa hasira niliyo nayo juu yako.

Njoo umwambie bosi kwa mdomo wako. Suti yako ya harusi nimeshaikata, jina lako liko kwenye kila kipande. Sitaitia uzi mpaka Evelina arudi kazini.

Dada yako,
Bernadeta