Safari ya Pili Imejaa

Jumatano, 7 Februari 1990. Nunguni
Nimepogoa mikahawa tangu alfajiri. Mvua hakuna. Chai, kisha gazeti la juzi. Mhariri ameichapa barua yangu baada ya kuikata kichwa na miguu. Kilichobaki kinasomeka kama salamu za Krismasi. Mwoga. Nitamwandikia nyingine, kali zaidi.

Jioni kaka yangu Kioko amefika na gari lake, amejaa vumbi la Kibwezi na fahari. Anauza vitunguu na nyanya barabara nzima ya Mombasa, tena ni mzee wa kanisa, basi anajiona amebarikiwa pande zote. Ametununulia tiketi za meli: yeye, mimi na Mwaitu, ndivyo Wakamba tunavyomwita mama. Mama yetu amelia mbele ya wageni, jambo ambalo huwa halifanyi. Tangu vita vya Hitler amengoja kuliona kaburi la baba, aliyekufa akiwa askari wa Mwingereza huko Madagaska, akazikwa Diego Suarez. Sasa macho yake yanazibika. Daktari wa Machakos amesema wazi kwamba jicho moja limekwenda na la pili linafuata. Mama anataka kuliona kaburi mwenyewe, si kusimuliwa.

Nikazisoma zile tiketi. Zanzibar, Komoro, kurudi Mombasa. Madagaska haimo! Nikamuuliza Kioko alisoma nini. Akasema alimuuliza wakala kama meli inaenda visiwani, akaambiwa ndiyo. Mpumbavu. Mtu anageuzageuza kila kitunguu kabla ya kukinunua, lakini bahari anainunua gizani.

Mama hajaambiwa.

Ijumaa, 9 Februari. Nairobi
Ofisi ya wakala ina zulia jekundu na samaki wa plastiki ukutani. Msichana wa kaunta ametuita "wazee wangu" kama anayetuuzia sufuria. Kumbe ni meli ile ile. Ikirudi Mombasa inapakia watu wapya na jioni hiyo hiyo inaondoka kwenda Madagaska. Mtu aweza kukata safari mbili mfululizo, akabaki na chumba chake, hata sanduku asifunge. Wazungu hufanya hivyo kila mwaka.

Lakini safari ya pili imejaa. Mkubwa mmoja amechukua safu nzima ya vyumba kwa ajili ya marafiki zake. Jina hakulitaja, aliinua macho tu kuelekea dari, kama mtu anayemtaja Mungu. Baada ya hapo meli inarudi Ulaya. Tiketi zetu hazibadilishwi wala hazirudishwi.

Ushauri wake: nendeni hiyo ya kwanza. Watu huugua, watu hughairi. Mkiwa tayari ndani, ndio mtakaofikiriwa kwanza.

Hii ndiyo nchi yetu. Mjane wa vita anangoja mlevi fulani augue tumbo.

Jumapili, 11 Februari. Nunguni
Kanisani Kioko ametusimamisha ili tuombewe. Mchungaji amemtaja Yona. Amefika kwenye samaki haraka sana, watu wameanza kumwangalia mama kwa huruma. Nilitaka kucheka. Nilitaka kutoka.

Usiku nimemweleza mama ukweli. Hakulalamika. Aliuliza tu kama maji ni yale yale.

Ijumaa, 16 Februari. Baharini
Meli nyeupe kama hospitali. Chumba kimoja, vitanda vitatu, dirisha la ukubwa wa sahani. Kioko ametapika kabla hatujapita mnara wa taa. Mimi sijambo. Mama yuko sitahani tangu jana, anasalimia kila mtu kwa Kikamba. Wajerumani wanamwitikia kwa kichwa. Wanampiga picha bila kumuuliza.

Watu hawa wanakula mara sita kwa siku halafu wanakimbia kuzunguka sitaha ili wapungue. Nimesoma vitabu vingi juu ya kuanguka kwa madola. Hakuna kilichonieleza vizuri kama meza hii ya keki.

Nimekwenda kwa afisa wa vyumba, Mgiriki mwenye meno mengi. Safari ya pili? Imejaa. Nirudi kesho.

Jumapili, 18 Februari. Zanzibar
Imejaa. Nirudi kesho.

Mama hakushuka. Anasema hakuja kuona Zanzibar.

Jumatatu, 19 Februari
Jana usiku kulikuwa na burudani ya Kiafrika, na jamani, ni Wakamba! Kikundi kutoka Kitui, vijana wa sarakasi na mabinti wa kucheza mabega, wamevikwa ngozi za chui zilizotoka kiwandani. Kiongozi wao ni Mwanzia, mwenye tumbo na filimbi. Mwishoni wakaleta kilumi. Ngoma ya wanawake wazee, ya kuombea mvua na kutuliza mizimu, inapigwa kati ya kahawa na aiskrimu. Bibi mmoja wa Mwingi alikuwa anapiga ile ngoma ndefu huku uso umekuwa wa majivu kwa kichefuchefu.

Mwaka jana niliandika gazetini kuhusu vikundi vya aina hii. Niliwaita nyani wa kukodishwa. Nimewaona kwa macho yangu sasa. Sifuti neno.

Kioko alitoka ukumbini. Kanisa letu haliruhusu hata kusikiliza. Mama alibaki. Alikuwa anapiga paja lake kwa vidole.

Jumatano, 21 Februari. Komoro
Imejaa. Mgiriki sasa ananiona kwa mbali na kutikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Bibi wa Mwingi amelala chini, hawezi hata maji. Ameapa kwamba Mombasa atashuka, na hata wamfunge kamba hatapanda tena.

Jana usiku wakati wa kilumi ulipofika, mabinti walisimama bila ngoma. Mwanzia anapuliza filimbi, anatoa jasho. Mama akainuka kwenye kiti chake. Akatembea polepole akipapasa viti, akaketi, akaivuta ile ngoma katikati ya magoti. Kabla ya ubatizo ndiye aliyekuwa akiitwa kupiga ngoma vijiji vyote vya kwetu. Mimi sikuwahi kumsikia. Nimeishi naye maisha yangu yote na sikuwahi.

Sitaandika ilivyokuwa. Wazungu waliacha vijiko. Inatosha.

Alhamisi, 22 Februari
Vita chumbani.

Mwanzia alibisha hodi asubuhi. Kitanda cha bibi wa Mwingi kitakuwa wazi safari ya pili, sehemu ya wafanyakazi, chini kabisa, karibu na mashine. Kama mama atapiga ngoma, kitanda ni chake. Kimoja tu. Sisi wawili tushuke Mombasa.

Kisha akanigeukia. "Mwalimu Mbithi, si wewe uliyetuita nyani wa kukodishwa?"

Nikasema ni mimi.

"Basi leo nyani wana kitanda, na wasomi hawana."

Akacheka mpaka tumbo likatikisika. Simpendi mtu huyu. Ngozi zake ni za uongo na kicheko chake ni cha kweli, sijui kipi kinaniudhi zaidi. Nikamuuliza swali moja: wachezaji wanaruhusiwa kushuka Diego Suarez? Akasema kwa kawaida ndiyo. Kwa kawaida! Nikamwambia asiponipa uhakika nitamwandika tena, na safari hii kwa jina. Akaacha kucheka. Akaahidi atampeleka makaburini kwa mkono wake.

Kioko alingoja mlango ufungwe. Akasema mama wa mzee wa kanisa hatapigia mapepo ngoma ili wazungu washushe chakula. Akasema kanisa litamtenga, hatapewa Meza ya Bwana tena. Kwamba yeye mwenyewe itamlazimu kulipeleka jambo hilo kwa wazee. Mwenyewe! Aliyenunua bahari isiyo sahihi.

Nilimwaga kila nilichokuwa nacho. Unafiki, wamishonari, vitunguu vyake vinavyopimwa kwa kidole juu ya mizani. Niko hodari sana kwa hayo. Hakuna lililosaidia.

Mama alikuwa anakunja leso yake kitandani. "Kioko mwanangu, nilipobatizwa niliambiwa niache ngoma, nikaacha. Hakuna aliyeniambia niache mume."

Kioko alitoka. Hakurudi kula.

Ijumaa, 23 Februari. Mombasa
Tumeshuka. Mama amebaki.

Vyumba vya juu wamepanda watu wa yule mkubwa, na kreti za bia, na wanawake wanaolalamikia jua. Nimehesabu hasira zangu zikaniishia. Mama alisimama chini yao kwenye mlango mdogo wa wafanyakazi, amefungwa shuka ya Mwanzia mabegani. Nilipunga mkono. Hakuniona. Ni mbali kwa jicho lile.

Kioko ameendesha gari kurudi Kibwezi bila kuniaga. Nenda. Kawashtaki mizimu kwa wazee wenzako.

Jumapili, 25 Februari
Nimepanga chumba Majengo, hapa Mombasa, niingoje meli. Joto. Kunguni. Mwenye nyumba ana maoni kuhusu siasa, yote ya kukopa.

Nimeanza makala juu ya meli. Nimeandika kurasa na kuzichana. Kila sentensi inageuka kuwa ngoma.

Jumatano, 28 Februari
Kama hakuna upepo, leo wako Diego Suarez. Kama wachezaji wameruhusiwa kushuka. Kama Mwanzia si mwongo. Kama mama anaona.

Nimegombana na muuza kahawa bure.

Ijumaa, 2 Machi
Meli imefika mapema. Nilikuwa getini kabla ya walinzi. Nyuma yangu, chini ya kivuli cha winchi, niliona gari la Kioko limefunguliwa madirisha, na yeye ndani, kofia mapajani. Nikageuka kuitazama meli. Yeye pia.

Mama alishuka ngazi ya wafanyakazi akimshika Mwanzia mkono. Mwanzia hakuwa na filimbi. Alinikabidhi mama kama anayekabidhi chombo cha udongo. Akasema walinzi wa bandari ya kule walikataa kwanza, akabishana nao mpaka wakachoka, akamsomea mama majina safu kwa safu hadi wakalipata la baba. Alimweka pale, mama akaligusa herufi moja moja. Akasema majani yamekatwa vizuri. Nikamshukuru. Neno lilitoka bila shida.

Tukaketi ukutani nje ya geti. Kioko akaja, akakaa upande wa pili wa mama, akamshika kiwiko. Nilimuuliza mama kama aliona. Akasema aliona, jiwe ni jeupe. Nikamuuliza alimwambia nini baba.

"Nilimwambia yuko Mbithi."

Baba aliondoka kabla mimba yangu haijajulikana. Mama hakujua kuandika, na karani aliyekuwa akiwaandikia wake wa askari alitaka kwanza kuku, na kuku hakuwapo. Baba alikufa akijua ana mtoto mmoja.

Kioko alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mama alisema ana kiu. Nikavuka barabara kwenda kumtafutia chai.