Kombinesheni ya Nzembi

Ziwani,
Nairobi.
13 Machi, 1983

Mpendwa mwanangu Nzembi,

Pokea salamu tele kutoka kwa baba yako mdogo, fundi ambaye hajashindwa na injini yoyote kutoka hapa hadi Kampala. Hujambo? Baba na mama hawajambo? Mvua imeanza kugonga mabati huko Mwala, au bado mnatazama mawingu tu? Sisi huku tu wazima. Mama yako mdogo Nthoki amenenepa, mimi nazidi kuwa kijana, na mdogo wako Mbeti ameng'oka meno ya mbele lakini kelele hazijapungua.

Barua yako ilifika. Niliisoma nikacheka mpaka Nthoki akaja kuangalia kama nimeumia. Ni kweli, ile spana niliituma mimi. Munyoki, dereva wa basi la huko kwenu, aliniletea ujumbe wako ukiwa umebaki mifupa: nyumbani kuna shida ya kombinesheni, saidia upesi. Sasa nyumba yenye mashine ya kusaga mahindi ikilia kombinesheni, fundi afikirie nini? Nilichukua spana kombinesheni namba kumi na tisa, ile niipendayo, nikaifunga kwa gazeti na kuituma na basi la jioni. Nikalala nikijisifu kwamba nimeokoa unga wa Mwala nzima.

Kumbe kombinesheni ni masomo matatu ya Fomu Faivu. Mimi shule niliiacha darasa la sita, na kombinesheni ya siku zile ilikuwa njaa na kiboko. Gereji hawajaniacha nipumue tangu niwasimulie. Gichuru, yule anayechoma vyuma, ananiambia, "Mbithi, siku ukiombwa ushauri wa ndoa utatuma jeki."

Haya, tuje kwa lako. Unataka kusomea uchumi Chuo Kikuu, na Ekonomiksi na Jiografia umeshazishika. Linalokunyima usingizi ni somo la tatu. Historia unaipenda. Hesabu unaiogopa, ingawa ulipata krediti, na baba yako anasema Hesabu ya Fomu Faivu itakupasua kichwa, afadhali ushike kilicho chepesi. Shule ikifunguliwa mwalimu mkuu anataka jibu, na ukishajibu hakuna kurudi nyuma.

Watu wakubwa mji huu nawajua wote, lakini safari hii sikwenda mbali. Nilibisha mlango wa pili. Wakiuru, binti ya jirani yetu Teresiah, yuko mwaka wa pili Chuo Kikuu, anasomea uchumi huohuo. Alichukua karatasi ya sukari akanichorea mistari miwili inayokatana, mmoja wa wauzaji, mwingine wa wanunuzi. Nikamwambia hayo nayajua zamani, aende soko la Kiamaiko wiki ya Krismasi aone bei ya mbuzi inavyopandishwa cheo. Akacheka, akasema kujua kwamba bei itapanda ni mdomo, kujua itapanda kiasi gani ni Hesabu. Nikaikunja ile karatasi ya sukari nikaitia mfukoni.

Kisha akaacha kucheka. "Baba Mbeti, mwambie asiiache Hesabu. Mimi niliiacha nikidhani tumeagana, na sasa nakutana nayo kila siku darasani, imevaa koti la Ekonomiksi." Mwaka wa kwanza alilia, mama yake ni shahidi.

Kipande hiki msomee baba yako kwa sauti. Kaka, heshima yako iko palepale, lakini mtoto huyu ndiye aliyekuwa akikupigia hesabu za mashine kabla hajafikia kimo cha meza. Kichwa hicho hakipasuki. Tuliozoea kupasuka vichwa ni mimi na wewe.

Nawe, mwanangu, usiogope. Likizo ya Agosti njoo Ziwani. Wakiuru amekubali kukufundisha. Kitanda utagawana na Mbeti, ambaye hupiga mateke akiota, na chapati za Nthoki unazijua. Historia nayo hutaikosa: nitakusimulia ya kwangu yote, na si fupi.

Msalimie mama yako Syombua, na nyanya umwambie tumbaku yake sijaisahau. Barua hii namkabidhi Munyoki ikiwa imefungwa, isije ikageuka nati njiani. Mungu akutangulie uendako, na pale nguvu zako zitakapoishia aanzie hapo.

Umeuliza kama uirudishe spana. Usiirudishe. Itazame vizuri. Kichwa kimoja kiko wazi, hushika haraka, ila nati ikiwa kaidi huteleza. Kichwa cha pili ni pete, huchelewa kuingia, lakini kikishashika hakiachii. Ndiyo maana ikaitwa kombinesheni. Iweke juu ya meza unaposomea. Siku Hesabu ikikukatalia, usiitupe spana wala usiilaumu nati. Geuza upande, ujaribu tena.

Wako akupendaye kuliko injini zote za Nairobi,

Baba yako mdogo,
Mbithi