Sufuria Zilizokwenda Makupa

Basi Zena, zile sufuria zote nilizopika edani, kumbe hazikufika kwa marehemu hata moja. Zilikwenda Makupa. Miezi minne na siku kumi nimeinamia jiko, nasema napikia hoteli ya Athmani, watu wake wale wamwombee. Kumbe!

Ngoja. Bi Rukia, mke wa mwalimu, ndiye anayeniandikia, naye ameweka kalamu chini. Ati barua haianzi hivyo, salamu kwanza. Haya. Mdogo wangu Zena, hujambo? Goti limepoa? Na paa la nyumba ya mama, mlilifunika kabla ya mvua au mnasukumiana mpaka leo? Mie mwili mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio nakwambia. Barua yako nimesomewa mara tatu. Umeniuliza mbona nimetoka eda na huko Siu sionekani. Ndiyo haya sasa.

Shemeji yako wewe ulimwona mara moja tu, siku ya harusi, na siku ile alikaa kimya kama mgonjwa. Athmani hakuwa kimya. Alianza na sinia la mahamri kichwani, anapita vichochoro vya Ndia Kuu akiwatania watu mpaka wanunue. "Wee Mshihiri, amka, mkeo amekusahau, mie nimekukumbuka." Baadaye akapata chumba kimoja cha mbele, benchi mbili na meza moja yenye mguu mbovu, ukiegemea tu, chai yote mapajani. Hoteli ndiyo hiyo. Jina haikuwa nalo, watu wakisema twende kwa Athmani. Jiko kule hapakuwa. Nilipika mie huku nyumbani Kibokoni, na mzee Salimu, hamali, akija kuchukua sufuria kwa mkokoteni wake. Wateja wakiuliza nani kapika, Athmani hujibu watu wa nyumbani, basi. Jina langu hakulitaja mbele ya wanaume hata siku moja, na mie hilo nililiona pambo.

Siku za vita, mchele ulipokuwa hauonekani, wenzake walifunga milango. Yeye akasimama nje anatangaza, "Leo muhogo wa nazi. Anayeuonea haya akale kwao." Yule Mhindi wa duka la vitambaa lililoelekeana naye, mtu mnene, mtu na heshima zake, alikuja akala muhogo benchi moja na wachukuzi, kisha akalalamika chumvi imezidi. Athmani akamwambia chumvi hiyo nimekupa bure, shukuru. Na yeye mwenyewe hali mpaka mteja wa mwisho ameshiba. Mara ngapi amerudi hajatia kitu mdomoni, mie namkaripia, yeye anacheka na tumbo linamlia. Nilikuwa nasema nini? Ee, sufuria.

Wajua chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Sasa Athmani ada hiyo aliifanya yetu sisi wawili. Kila sufuria ikirudi, ndani mna kitu: ndimu mbili, kipande cha halua kwenye jani, Ijumaa asmini. Siku tuliyogombana, pilipili moja. Tumekwenda hivyo miaka yote ya ndoa yetu, na hapana aliyejua.

Homa ikamchukua kwa siku tatu tu. Nikaingia eda. Wifi yangu Nuru, dadake marehemu, akahamia chumbani kwangu, analala nami, ananiosha miguu, analia kuliko mie. Wiki ya kwanza hiyo, kichwa changu mapajani mwake, nikamsimulia habari ya ndimu na halua. Mtu wa kwanza kumwambia duniani. Nikamwomba pia, Nuru, hoteli isifungwe, mie kupika sijakatazwa. Akasema, "Wifi, hilo niachie mimi na mume wangu. Wewe pika."

Nikapika. Sufuria ya kwanza ikarudi na ndimu mbili ndani.

Zena, niliikumbatia ile sufuria na masizi yake, nguo nyeupe ya eda ikawa nyeusi kifuani. Nikasema tazama watu wa Ndia Kuu, kumbe walikuwa wakimwona, na ada yake wameishika. Hata asmini hawakutia, kwa kuwa mfiwa havai maua. Nikasema tazama adabu yao. Nikazidisha mapishi. Nazi nakuna mpaka vidole vinatoka damu. Siku nyingine nazungumza na jiko kama mwendawazimu.

Na edani hutoki wala husemezani na wanaume wa nje. Mzee Salimu alikuwa akibisha mara mbili, akangoja, akabisha tena. Namsikia. Nasema huyu naye ana haraka gani leo. Anayeshuka ni Nuru.

Siku niliyotoka eda, nikaoga, nikavaa buibui, sikwenda popote ila kwa Athmani. Nimebeba sinia la mkate wa mayai niwagawie. Nafika, pana fundi cherehani na kanzu zimetundikwa ukutani. Nikadhani nimekosea mlango, nikarudi nyuma, nikatazama tena. Nikavuka kwa yule Mhindi nikamwambia mie ni mke wa Athmani, hoteli imehamia wapi? Alisimama kabisa. "Mama, wewe uko hapa? Sisi tuliambiwa ulirudi kwenu tangu arubaini. Tukasema, hata kwaheri hakutupa."

Kesho yake nikapika kama kawaida, nikashuka mlangoni mwenyewe kumngoja Salimu. Mzee wa watu akainamisha kichwa. "Nazipeleka Makupa, mama, hoteli mpya ya mume wa Bi Nuru. Mara ngapi nimebisha nikwambie. Bi Nuru akisema mfiwa hasemeshwi." Na benchi za Athmani ziko huko huko, wenye malori wanazikalia.

Na ndimu? Salimu akanambia hilo pia, ni Nuru. Akizinunua Marikiti kwa mkono wake, anazitia sufuriani hapo chini ya ngazi, kisha anapanda kulia na mie.

Wangeichukua hoteli tu, ningesema dunia. Wangeniambia ukweli, pengine ningewapikia, ni ndugu zake. Lakini kuingia pale, Zena, pale nilipomwonyesha mwenyewe.

Nilimwuliza, wala hakukana. "Ulikuwa unakufa, wifi," akanambia. "Mie ndiye niliyekuweka hai." Na huenda ni kweli, hilo nalo ndilo linaloniunguza. Nikamwambia basi mie Makupa sipiki. Akafuta meza, halafu akasema, "Nyumba hii ya baba yangu. Asiyepikia Makupa hakai Kibokoni. Fikiri mpaka Jumatatu."

Leo ndiyo Jumatatu. Kwa hiyo nakuuliza, chumba cha mama kitupu au mmejaza nazi? Kama mna nazi zisogezeni upande, mie nalala popote. Sitaki msemwe kwamba dada yenu kafukuzwa. Waambieni amechoka na mji.

Nisalimie kaka yetu mkubwa, bwana Omari, na bakora yake aiache ukutani, asije huku kugombana na watu kwa ajili yangu. Mbusu mkono shangazi yetu kipofu, mwambie uzi wa kofia nitauleta. Mwanao aliyeolewa, mwambie nimesikia ana mimba na nimefurahi, ila udongo asile. Na somo yangu aliyenifunda, kama yu hai, asinisahau kwa dua.

Mwisho andika, ni mie dadako Mwanakombo, mke wa Athmani. Hapo pa mke wa Athmani tia wino mzito.

Huyo Nuru, anaita chini. Na mkokoteni nausikia. "Wifi, sufuria tayari?"

Toka alfajiri sijawasha jiko. Bi Rukia ananishika mkono, ati nimwitikie kwa upole, ningoje kwanza jibu lako. Jibu lako tutapishana nalo baharini. Niachie mkono, Bi Rukia, kunja barua. Nashuka nimwambie mwenyewe.